Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Vichupo vya Kivinjari na Namna Mpya za Kuvipanga

Ukurasa huu ni wa mtu ambaye kivinjari chake kimejaa vichupo (tabs, vile vijisanduku vya kurasa zilizofunguliwa) hadi hajui muziki unatokea kichupo gani. Pia ni wa wabunifu wa programu wanaotaka kujua nini kimeshajaribiwa, nini kilikufa na kwa nini. Si lazima uusome kwa mfululizo.

Vichupo vilianza lini, na kabla yake watu walifanyaje?

Kabla ya hapo kila ukurasa ulifunguka kwenye dirisha lake, na upau wa chini wa Windows ukajaa vijisanduku visivyosomeka. Vivinjari vidogo vilijaribu vichupo tangu miaka ya 1990. NetCaptor ya mwaka 1997 hutajwa sana. Mozilla iliviingiza mwaka 2001, Safari mwaka 2003, na Firefox 1.0 ya Novemba 2004 ikavizoesha kwa umma. Internet Explorer ilijikongoja hadi toleo la 7, mwaka 2006. Chrome ilipokuja mwaka 2008 ilivipandisha juu kabisa ya dirisha, ikavitenganisha kwa ndani ili ukurasa mmoja ukikwama usiangushe mingine.

Umbo halijabadilika sana tangu hapo. Matumizi ndiyo yamebadilika. Mwaka 2001 mtu alifungua kichupo asome habari. Leo barua pepe, benki, lahajedwali, mkutano wa video na fomu za serikali vyote vinakaa kwenye vijisanduku vilevile vilivyobuniwa kwa ajili ya kusoma.

Nina vichupo hamsini na kitu. Tatizo ni mimi?

Hapana, au si sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walilichunguza jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2021. Walikuta watu wanalemewa na vichupo vyao na bado wanaogopa kuvifunga, kwa sababu wanaamini kitu kikishatoka machoni kimepotea moja kwa moja. Karibu robo ya waliohojiwa kwenye sehemu moja ya utafiti huo walisema kivinjari au kompyuta yao iliwahi kuanguka kwa wingi wa vichupo.

Ukikagua vichupo vyako mwenyewe utaona havifanani. Kuna vya kudumu, kama barua pepe, ambavyo havina haja ya kufungwa. Kuna vya kazi ya sasa hivi. Kuna makala uliyoahidi kuisoma. Kuna vikumbusho: ukurasa wa bili umeuacha wazi si kwa sababu unausoma, bali usije ukasahau kulipa. Halafu kuna vile ambavyo hata wewe ukiulizwa vilifunguliwa kwa nini, utabaki kuduwaa.

Vingi kati ya hivyo ni kazi kiporo. Kivinjari hakijui hilo. Kwake vyote ni kurasa, vyote vina haki sawa na ukubwa sawa. Kwa maoni yangu, ubunifu wowote wa maana unaanzia hapa: mtu hafungi kwa sababu kufunga kunafanana na kupoteza. Anayefanikiwa kuondoa hofu hiyo ametatua sehemu kubwa ya tatizo, hata kama upau wake unaonekana wa kizamani.

Si kuna alamisho na historia?

Zipo. Alamisho (bookmark) inafaa kwa kitu utakachokihitaji hata mwakani. Kuweka alamisho kwa ukurasa utakaouhitaji hadi kesho saa nne ni kujitafutia taka. Historia nayo inakumbuka anwani, jina la ukurasa na saa tu. Haikumbuki kwamba kurasa sita zilikuwa za kazi moja, wala kwamba ulikuwa umeishia katikati ya jedwali.

Kwa nini upau wa juu unashindwa vichupo vikizidi?

Piga hesabu. Kompyuta mpakato nyingi zinazouzwa mitumba zina skrini ya upana wa pikseli 1366. Gawa kwa vichupo ishirini: kila kimoja hakipati hata pikseli 70. Toa nembo ya tovuti, toa alama ya kufungia, unabaki na herufi chache. Chrome huendelea kuvibana hadi ibaki nembo tupu. Firefox huvibana kwa kiasi, kisha hukuachia uviviringishe kushoto na kulia. Ukiwa na kurasa nane za TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, una nembo nane zinazofanana na huna pa kushika.

Lakini upau huo usidharauliwe. Dirisha likijaza skrini, vichupo vinagusa ukingo wa juu, hivyo unaweza kurusha kipanya juu bila kulenga, na ukingo unakidaka. Na kuna jambo dogo ambalo wengi hulitumia kila siku bila kuligundua: katika Chrome, ukifunga kichupo kwa kubofya alama yake, vilivyobaki havipanuki hapohapo. Vinasogea tu, ili alama ya kufungia kichupo kinachofuata ije ikae palepale chini ya kipanya. Unaweza kufunga vitano mfululizo bila kutikisa mkono. Ukiondoa kipanya pale ndipo vinapanuka kujaza nafasi. Mtu fulani alikaa akawaza mkono wa mtumiaji utakuwa wapi sekunde moja baadaye. Huo ndio ubunifu.

Vichupo vya pembeni vina faida gani?

Maandishi yanakwenda mlalo, kwa hiyo orodha ya wima inakuonyesha majina kamili hata vichupo vikiwa thelathini. Tena skrini za siku hizi ni pana kuliko zilivyo ndefu, na tovuti nyingi huacha nafasi tupu pembeni. Kivinjari cha Vivaldi kimekuwa nayo tangu mwanzo, Edge ya Microsoft ikaileta Machi 2021, Firefox ikaiweka rasmi toleo la 136, Machi 2025.

Wazo zuri zaidi ndani ya hili ni mti. Kiendelezi (programu ndogo ya kuongeza kwenye kivinjari) cha Tree Style Tab, kazi ya mtunzi wa programu wa Japani anayejulikana kama Piro, kilianza mwaka 2007 na kingali hai. Kila kiungo unachofungua kinakuwa mtoto wa ukurasa kilikotoka. Tuseme unatafuta friji. Ukurasa wa utafutaji ni mzazi. Maduka matano uliyoyafungua yanajipanga chini yake, na ndani ya duka moja kuna wajukuu wawili, ule wa vipimo na ule wa maoni ya wanunuzi. Ukishaamua, unakunja tawi na kulifunga lote kwa mara moja. Hukupanga chochote kwa mkono; mpangilio ulitokana na mwendo wako.

Kasoro yake? Lahajedwali pana linabanwa. Na watu waliozoea kuangalia juu kwa miaka ishirini huiacha baada ya siku mbili. Mimi ningemwambia yeyote mwenye kompyuta aijaribu wiki nzima kabla ya kuikataa.

Makundi ya vichupo je?

Opera iliruhusu kurundika vichupo mwaka 2010. Chrome ilileta makundi yenye rangi na jina mwaka 2020, Safari mwaka 2021. Firefox ilichelewa hadi 2025, baada ya ombi hilo kuongoza kwa kura kwenye jukwaa lake la mawazo ya watumiaji.

Yanasaidia, hasa kukunja kazi moja ili uione nyingine. Tatizo ni ukarani: ni wewe unayeunda kundi, unalipa jina, unachagua rangi, unakumbuka kuburuta kila kichupo kipya ndani. Mtu mwenye haraka hafanyi hivyo, na mwenye vichupo themanini kwa kawaida ni mtu mwenye haraka.

Nimesikia Firefox iliwahi kuwa na kitu kiitwacho Panorama. Kiliishia wapi?

Hadithi yake inafaa isomwe na kila mbunifu. Mwaka 2009 Mozilla Labs, kitengo cha majaribio cha watengenezaji wa Firefox, iliendesha shindano la ubunifu kwa wanafunzi na wabunifu, mada ikiwa kuvibuni upya vichupo vya kivinjari. Mwaka uliofuata Aza Raskin, aliyekuwa akiongoza ubunifu wa Firefox, akaonyesha wazo la Tab Candy, lililokuja kuitwa Panorama na kuingia Firefox 4, Machi 2011. Ulibonyeza vitufe, kivinjari kizima kikageuka uwanja. Kila kichupo kikawa picha ndogo ya ukurasa wake, na wewe ukaziburuta kwenye masanduku: la kazi, la safari, la shule. Ukiingia sanduku moja, upau wa juu ulionyesha vichupo vya sanduku hilo tu.

Ilipendeza kuangalia. Iliondolewa Firefox 45, Machi 2016, kwa sababu watumiaji wake walikuwa wachache mno kulinganisha na mzigo wa kuitunza.

Kwa nini haikushika? Ninavyoona mimi, fimbo ya mbali haiui nyoka. Uwanja ule ulikuwa chumba kingine. Ilikubidi uache ulichokuwa ukifanya, uingie, upange, utoke. Wengi hawakujua hata mlango wake uko wapi. Na vichupo vya masanduku mengine vilipotea kabisa kwenye upau, jambo ambalo liligusa hofu ileile ya kupoteza. Makundi ya leo ya Chrome na Firefox ni wazo hilohilo lililorudishwa kwenye upau wa kawaida, ambapo jina la kundi lililokunjwa bado unaliona. Tofauti ni ndogo sana kwenye karatasi, kubwa mno mkononi.

Vichupo vingi vinakula RAM na bando?

RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kifaa, ndiyo. Ndiyo maana vivinjari sasa huvilaza usiovigusa. Edge ilianza mwaka 2021, na Chrome ikaleta hali yake ya kuokoa kumbukumbu mwishoni mwa 2022. Ila kuna kulala kwa namna mbili, na tofauti inagusa mfuko wako. Kichupo kilichogandishwa kinaamka palepale kilipokuwa. Kilichoondolewa kwenye kumbukumbu kinabaki jina na nembo tu; ukikigusa kinapakuliwa upya.

Kwa mwenye intaneti ya ofisini hilo si kitu. Kwa anayejiunga bando la siku, ukurasa uliokwisha kuulipia unaulipia tena, angalau sehemu yake, na bando likiwa limeisha unakuta skrini nyeupe mahali palipokuwa na makala. Vivinjari vingi havikuonyeshi mapema kichupo kipi kikiguswa kitahitaji mtandao. Kama unajua utausoma ukurasa njiani, usiutegemee kichupo. Chrome ya Android ina kitufe cha kupakua ukurasa kwenye menyu yake. Utumie ukiwa bado na mtandao.

Kwa nini simu yangu hufuta fomu nikienda kusoma SMS?

Hili ndilo swali linaloniuma, maana wanaoumia zaidi ni wenye simu za bei nafuu. Mwendo ni huu: unajaza fomu ndefu, jina, namba ya kitambulisho, jina la shule, mwaka wa kumaliza. Mwisho tovuti inasema imekutumia namba ya uthibitisho. Unatoka kwenye kivinjari, unafungua ujumbe, unakariri tarakimu sita, unarudi. Ukurasa unazunguka, kisha unatokea mtupu. Android ilihitaji RAM kwa ajili ya programu ya ujumbe, ikakitoa kivinjari kafara.

Kwenye kompyuta, Chrome hujitahidi kutolaza kichupo chenye fomu iliyojazwa nusu. Kwenye simu ya RAM ya GB 2 mfumo wenyewe ndio unaoamua, na hauulizi. Kinachosaidia: isome namba kwenye arifa inayoshuka juu ya skrini, bila kutoka kwenye kivinjari. Funga programu nyingine kabla ya kuanza. Maelezo marefu yaandike kwanza kwenye programu ya madokezo, kisha ubandike. Lakini haya ni mambo ambayo tovuti yenyewe ingepaswa kuyabeba kwa kuhifadhi fomu hatua kwa hatua. Anayetengeneza tovuti ya umma akaijaribu kwenye simu yake ya bei mbaya peke yake, hajaijaribu.

Kivinjari kujifungia vichupo chenyewe, ni wazo zuri?

Inategemea kinavipeleka wapi. Safari ya iPhone inakuwezesha kuchagua vifungwe baada ya siku, wiki au mwezi. Chrome ya Android huvihamishia vya siku 21 kwenye sehemu ya visivyotumika. Kivinjari cha Arc, cha The Browser Company, kilikwenda mbali zaidi: kichupo ambacho hukukibandika kilihifadhiwa kando baada ya saa 12. Waliokizoea walikipenda kupindukia, wengine kiliwachanganya, na mwaka 2024 kampuni ikatangaza kuwa haitakiongezea mambo mapya.

Mimi naona kanuni ya Arc ilikuwa sahihi: kichupo kife isipokuwa umesema kiishi. Ilichohitaji ni kaburi linaloonekana.

Na simu ikiwa na vichupo zaidi ya mia?

Chrome ya Android huacha kuhesabu, ikakuwekea uso unaotabasamu badala ya namba. Safari ya iPhone hukomea 500.

Akili mnemba haiwezi kunipangia?

Inaweza kiasi. Chrome ilianza kupendekeza makundi Januari 2024, Firefox ikafuata mwaka 2025. Kupendekeza jina la kundi, sawa, hiyo inapunguza ukarani niliousema. Kuhamisha vichupo bila kuniuliza, hapana. Nakumbuka kichupo kwa mahali kilipokaa, ukikisogeza umenipotezea. Uliza pia majina ya kurasa zako yanakwenda wapi. Mapendekezo ya Firefox hufanyika ndani ya kompyuta yako; ya Chrome yalituma majina na anwani za kurasa kwa Google. Mtu mwenye vichupo vya hospitali na benki ana haki ya kulijua hilo kabla ya kubofya.

Tunatumia kompyuta moja watu watatu ofisini. Tufanyeje?

Kila mtu awe na wasifu (profile) wake ndani ya kivinjari. Kwenye kompyuta usiyoimiliki tumia hali fiche (incognito), na kumbuka kuwa humo, kwenye Chrome, kichupo ukikifunga hakirudi.

Ungepewa nafasi ya kubuni, ungefanya nini?

Kwanza, kichupo chenye sababu. Ukikiacha bila kukigusa kwa siku mbili, ukikirudia kikuonyeshe ulikotoka: utafutaji gani, ujumbe wa nani, saa ngapi. Kivinjari taarifa hizo kinazo tayari; hakizionyeshi tu. Vichupo vingi tunashindwa kuvifunga kwa kuwa tumesahau tulivifungulia nini.

Pili, na hili ndilo ningelianza kesho, foleni ya usiku. Kampuni nyingi za simu huuza bando la usiku kwa bei ya chini. Kiungo nikikishikilia kidole, kuwe na chaguo la kukipakua muda huo ukifika, kikae ndani ya simu, kinisubiri asubuhi bila mtandao. Kichupo kinachosubiri kwenye foleni hakili RAM, hakili bando la mchana. Ionyeshwe pia kwa nukta ndogo ni vichupo gani vimehifadhiwa na vipi vitapakuliwa upya vikiguswa. Sioni ugumu wa kiufundi hapo. Naona tu kwamba wanaobuni vivinjari hawanunui bando kwa saa.

Tatu, kufunga kwa kazi. Ukimaliza ombi la mkopo wa chuo, ufunge kurasa zake zote na ubaki na mstari mmoja: tarehe, jina la kazi, kurasa tisa. Ukiubofya, zinarudi zote kwa mpangilio wake. Chrome imeusogelea kwa makundi yanayohifadhiwa, ila bado ni lazima uwe uliyaunda mapema. Mti wa Piro ungeweza kuyaunda wenyewe.

Kuhusu vichupo vya pande tatu, vya duara, na vile vinavyopeperuka kama majani, vimeshachorwa vya kutosha.

Njia za mkato zipi nizijue?

Ctrl+Shift+T hurudisha kichupo ulichokifunga, na ukiendelea kubonyeza vinarudi vya nyuma yake. Ctrl+Shift+A kwenye Chrome hutafuta miongoni mwa vichupo vilivyo wazi. Kwenye Firefox andika alama ya asilimia kwenye upau wa anwani, acha nafasi, kisha andika neno. Kubofya kichupo kwa gurudumu la kipanya hukifunga. Hiyo ya kwanza ndiyo yenye thamani kuliko zote, na ukimfundisha mwenzako utaona anaanza kufunga vichupo bila woga siku hiyohiyo.

Nina vichupo mia mbili sasa hivi. Nianzie wapi?

Usianze kwa kuvipitia kimoja kimoja. Utachoka ukifika cha kumi na tano na utakuwa umeanza kusoma makala ya 2022. Vya kudumu, visizidi vitano, vitoe kwenye dirisha jipya na uvibandike humo. Vya kazi ya leo navyo vihamishie kwenye dirisha hilo. Kwenye dirisha la zamani lililobaki, bonyeza Ctrl+Shift+D kuhifadhi vichupo vyote kama alamisho, uipe folda jina la tarehe ya leo, kisha lifunge lote. Ukikihitaji kimoja kati ya hivyo, kitafute humo kwa neno. Folda ikifikisha miezi mitatu bila kufunguliwa, ifute bila kuchungulia ndani.